Wataalamu wa Ubongo Wakikutana, Sisi wa Rongai Tunapata Nini?



Kila mwaka katika mwezi wa Machi, vyuo vikuu na hospitali za nchi nyingi hutenga wiki moja kuwaeleza wananchi habari za ubongo. Wiki hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1996, na siku hizi huadhimishwa katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Mbali na wiki hiyo ya wananchi, wataalamu wenyewe wana mikutano yao. Ule wa Marekani hufanyika kila mwaka tangu 1971, na huhudhuriwa na makumi ya maelfu ya watu. Wa Afrika hukutana kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, chini ya chama chao kiitwacho SONA, yaani Chama cha Wanasayansi wa Ubongo na Neva wa Afrika.

Wengi wetu hatujui kwamba chama hicho kilizaliwa papa hapa jirani. Kilianzishwa Nairobi mwaka 1993. Tangu hapo mkutano wake umezunguka bara zima. Mwaka 2017 ulikuwa Entebbe, Uganda, na mwaka 2019 ulikuwa Lagos, Nigeria.

Sasa utauliza, haya mambo ya maprofesa yanatuhusu nini sisi watu wa Rongai, Kiserian, Kitengela na kule Kajiado ndani? Jibu ni kwamba mojawapo ya magonjwa wanayoyazungumza sana huko tunalo hapa kwetu, vijijini na mitaani, na mara nyingi tunalificha ndani ya nyumba. Ugonjwa huo ni kifafa. Toleo hili tunataka kueleza wataalamu wamegundua nini juu ya kifafa, hasa hapa Afrika Mashariki, na kila mmoja wetu anaweza kufanya nini.

WANAFANYA NINI HUKO MKUTANONI?

Mkutano wa namna hiyo huchukua siku kadhaa. Kuna hotuba za wakubwa, halafu kuna ukumbi wa mabango. Kila mwanafunzi hubandika karatasi kubwa ukutani yenye kazi yake: alichouliza, alivyopima, alichokiona. Yeye husimama kando ya bango lake, na mtu yeyote, awe profesa au mgeni, ana ruhusa ya kumwuliza, "Umejuaje?" Asipokuwa na jibu, anarudi kufanya kazi upya.

Faida yake ni hii. Daktari wa Uganda anaona watoto wa aina fulani, wa Tanzania naye anaona wa namna hiyo hiyo, na kila mmoja anadhani ni shida ya kwake peke yake. Wakikutana ndipo wanagundua kwamba wanazungumza jambo moja.

Mfano ni ugonjwa wa kutikisa kichwa. Kule Mahenge, kusini mwa Tanzania, daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliwatibu watu wa kifafa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliona watoto ambao kichwa kilikuwa kikiinama na kuinuka, kama mtu anayesinzia, na baadaye wakapata kifafa kamili. Miaka mingi baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulionekana kwa watoto wengi wa kaskazini mwa Uganda, katika Kitgum na Pader, na pia Sudan Kusini. Sehemu hizo zote zina mito yenye inzi wadogo weusi wanaoeneza minyoo ya usubi, ule ugonjwa unaopofusha macho. Kwa kulinganisha sehemu na sehemu, watafiti wameona kwamba usubi unapokuwa mwingi, kifafa nacho huwa kingi. Mtu mmoja akikaa peke yake kijijini kwake asingeliona hilo upesi.

KIFAFA NI NINI HASA?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 300 au 400 hivi. Ndani yake mna seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Seli hizi huongea zenyewe kwa zenyewe kwa umeme mdogo sana na kwa kemikali. Hivyo ndivyo unavyoinua mkono, unavyokumbuka jina la mtu, unavyosikia harufu ya chapati.

Kwa kawaida kila kundi la seli huongea kwa zamu yake. Wakati wa kifafa, seli nyingi hupiga kelele kwa mara moja. Fikiria steji ya Rongai asubuhi. Makanga mmoja akiita "Town!" utamsikia. Makanga mia wakiita pamoja kwa sauti ile ile hakuna abiria atakayeelewa neno, na hakuna gari litakaloondoka. Ndivyo ubongo unavyokwama kwa dakika moja au mbili. Mtu anaanguka, anakakamaa, anarusha mikono na miguu, pengine anajikojolea. Halafu kelele zinatulia, anaamka amechoka na hajui kilichotokea.

Umeme huo hupimika. Mjerumani aitwaye Hans Berger aliupima kichwani mwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, na chombo kama chake ndicho hutumika mpaka leo katika hospitali kubwa za Nairobi.

Si kila kifafa ni cha kuanguka. Kuna mtoto ambaye huzubaa tu darasani kwa sekunde chache, macho yamekaza, halafu anaendelea kama kawaida. Mwalimu humchapa au humgombeza akidhani anaota mchana. Kuna mwingine ambaye mkono mmoja tu hucheza. Walimu wetu wajue hayo.

Tena tutofautishe kifafa na degedege. Degedege huja kwa mtoto mdogo mwenye homa kali, na wengi huacha wakikua. Kifafa ni pale ambapo mtu hushikwa tena na tena bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Hata hivyo mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana homa yenyewe yaweza kuwa ya malaria au ya uti wa mgongo.

KINATOKA WAPI?

Kazi kubwa ya uchunguzi wa kifafa nchini kwetu imefanyika Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Mwaka 2013 watafiti wa huko pamoja na wenzao wa Ifakara (Tanzania), Iganga na Mayuge (Uganda), Kintampo (Ghana) na Agincourt (Afrika Kusini) walitoa matokeo ya kuhesabu nyumba kwa nyumba. Walitafuta watu wenye kifafa cha kuanguka ambacho bado kinawasumbua. Kilifi walipata karibu watu 8 katika kila 1000. Ifakara walikuwa karibu 15.

Kajiado si Kilifi. Malaria kwetu si nyingi kama pwani. Lakini tukichukua hata hesabu ile ya chini, mtaa wenye watu 10,000 ungekuwa na watu karibu 80. Je, wewe unawajua wangapi? Ukiwajua watatu tu, basi wengine wamefichwa.

Sababu walizoziona ni hizi:

1. Shida wakati wa kuzaliwa. Mtoto anayechelewa kulia au kupumua ubongo wake hukosa hewa. Ndiyo sababu mama ajifungulie kituo cha afya.

2. Kuumia kichwa. Hapa kwetu tukumbuke bodaboda bila kofia ya chuma, na vijana wanaofanya kazi kwenye kware za mawe.

3. Malaria iliyopanda kichwani. Uchunguzi wa Kilifi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kumi waliopona malaria ya namna hiyo alikuwa na kifafa baadaye.

4. Minyoo na vimelea vingine, kama vile vinavyotoka kwa mbwa na paka wasiotunzwa, na usubi mahali ulipo.

5. Wakati mwingine ukoo. Lakini wazazi wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima kabisa.

Tuongeze neno juu ya tegu wa nguruwe, kwa sababu wafugaji wa nguruwe wako Rongai na Kitengela. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, na haikuiva vizuri, anapata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na choo. Mtu asiponawa mikono, au mboga ikimwagiwa maji machafu, mayai hayo huingia kinywani mwa mtu mwingine, hata yule ambaye hajawahi kuonja nguruwe. Ndani ya mwili huanguliwa, na mengine hufika kwenye ubongo na kuweka vifuko huko. Hiyo ni sababu mojawapo ya kifafa inayozuilika kabisa: choo, sabuni, nguruwe wafungiwe, nyama ikaguliwe na iive.

Katika orodha hii yote hakuna mate. Kifafa hakiambukizi. Povu la mtu aliyeanguka halina kitu cha kukudhuru, wala mkojo wake, wala kikombe chake, wala kulala naye kitanda kimoja.

NA PEPO JE?

Hapa tuseme wazi, maana sisi ni watu wa kanisa, na swali hili linaulizwa kila Jumapili.

Katika Injili ya Mathayo sura ya 17 na ya Marko sura ya 9 tunasoma habari za baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu. Mtoto alikuwa akianguka motoni na majini. Marko anataja pepo. Mathayo, katika Biblia yetu ya Kiswahili, anasema ni kifafa, na neno la Kigiriki alilotumia lina maana ya kupigwa na mwezi, kwa kuwa watu wa zamani waliamini mwezi ndio unaoleta ugonjwa huu. Karibu miaka 400 kabla ya Kristo waganga wa Kigiriki walikwisha kuandika kitabu kusema kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu wala laana kuliko magonjwa mengine, na kwamba unatoka kwenye ubongo.

Tazama alichofanya yule baba. Hakumficha mtoto. Alimleta mbele ya watu wote, akaeleza dalili moja baada ya nyingine, akaeleza pia kwamba ilianza utotoni. Yesu mwenyewe ndiye aliyemwuliza imeanza lini. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari atakuuliza.

Kwa hiyo kuomba tuombe, na kuwekewa mikono si kosa. Kosa ni pale mhubiri kwenye krusedi anapomwambia mtu, "Tupa vidonge, umeshapona." Vidonge vya kifafa vikikatizwa ghafla, ubongo ambao ulikuwa umetulizwa hulipuka. Mtu anaweza kushikwa mfululizo bila kuamka, na akafa. Watafiti wa Kilifi walipofuatilia vifo vya watu wa kifafa, waliona kwamba hufa zaidi kuliko majirani zao, na kutokunywa dawa sawasawa ni sababu kubwa. Mungu akiponya, kupona huko hakutaharibika kwa kupimwa na daktari. Aliyeponywa na aende akapimwe, na daktari ndiye apunguze dawa polepole.

DAWA IPO, TENA SI YA MATAJIRI

Shirika la Afya Duniani linasema kuna watu karibu milioni 50 wenye kifafa duniani, na karibu 80 katika kila 100 wanaishi katika nchi kama zetu. Linasema pia kwamba watu 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa inayofaa na kuinywa sawasawa. Dawa moja ya zamani, fenobabitali, ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na mpaka leo ni kati ya dawa za bei nafuu zaidi. Zipo nyingine kama kabamazepini na valproeti. Daktari huchagua kulingana na aina ya kifafa na mtu mwenyewe. Akina mama na wasichana waulize kabla ya kuanza, kwa sababu valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini aliyekwisha kuianza asiiache mwenyewe, arudi kwa daktari.

Kama dawa ipo, mbona watu wanaanguka? Kilifi waliuliza hivyo hivyo, wakapima damu za watu. Zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa. Walipochunguza sababu, wakakuta kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, kulipia dawa, imani kwamba ugonjwa si wa hospitali, na kukata tamaa baada ya kuugua miaka mingi.

Msomaji wa Rongai mjini aliye na matatu za namba 125 mlangoni hawezi kuona kilomita 30 kuwa kitu. Lakini mama wa kule chini karibu na Magadi, au ndani kabisa ya Kajiado, anajua. Kwenda kuchukua vidonge vya mwezi mmoja ni siku nzima na nauli ya wiki. Akikosa miezi miwili mtoto anaanguka, na jirani anamwambia, "Unaona? Hiyo dawa haifanyi kazi."

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Fanya hivi:
- Ondoa jiko, sufuria ya moto, mawe na vitu vyenye ncha. Kama yuko karibu na silanga au barabara, mvute pembeni.
- Mwekee nguo laini chini ya kichwa, mfungulie shingo.
- Akiacha kurusha viungo, mgeuze alale ubavu ili mate yatoke.
- Tazama saa. Ikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla hajaamka, au ni mama mja mzito, tafuta gari la kumpeleka hospitali mara moja.
- Kaa naye mpaka aamke vizuri. Mfunike kwa heshima.

Usifanye haya:
- Usimtie kijiko, kijiti wala vidole mdomoni. Meno yatavunjika, au vidole vyako vitakatwa.
- Usimshikilie kwa nguvu.
- Usimmwagie maji wala kumnywesha kitu.
- Usimnusishe kiatu wala kiberiti.

KAZI YA KANISA NA JUMUIYA

Wataalamu wataendelea kukutana, na ni vizuri. Mwaka 2022 nchi za dunia, katika mkutano mkuu wa afya huko Geneva, zilipitisha mpango wa miaka kumi juu ya kifafa na magonjwa mengine ya ubongo, mpaka 2031. Lakini karatasi ya Geneva haina miguu ya kufika Kajiado. Miguu ni yetu. Tunapendekeza mambo matano:

Kwanza, kila jumuiya ndogo iulize kwa upole: nani kati yetu ana mtu nyumbani ambaye huanguka? Lengo ni kumsindikiza. Jina lake lisitangazwe kanisani bila ruhusa yake.

Pili, asindikizwe hospitali ya serikali iliyo karibu, iwe Ongata Rongai, Kitengela, Ngong au Kajiado mjini. Aende na mtu aliyemwona akianguka, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Mwenye simu anaweza kurekodi picha za mtu akiwa ameshikwa, kwa idhini ya familia, amwonyeshe daktari. Hilo humsaidia sana.

Tatu, wanaotoka mbali waende pamoja siku moja. Chama cha akina mama kinachochangiana kila mwezi kinaweza kutenga nauli ya mgonjwa mmoja, au kumtuma mmoja achukue dawa za watatu baada ya kuelewana na kituo.

Nne, mtoto asitolewe shule. Mwalimu aelezwe, na wanafunzi wafundishwe la kufanya akianguka. Mkubwa naye apewe kazi. Mtu wa kifafa anaweza kushona, kulima, kufuga kuku, kuuza duka, kufundisha. Asiendeshe gari wala pikipiki, asipande juu, asifanye kazi ukingoni mwa kware, na asipike peke yake kwenye moto ulio chini, mpaka atulie kwa muda na daktari akubali. Akikaa miaka 2 bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria naye kupunguza dawa.

Tano, tuwaalike wataalamu. Nairobi si mbali, na vyuo vikuu viko mpaka hapa kwetu Rongai. Wiki ya Machi ikifika, tuwaombe vijana wa udaktari waje kwenye ukumbi wa kanisa na bango lao, walieleze kwa Kiswahili, na kwa Kimaasai wakipata mkalimani. Halafu akina mama nao wawaulize kama wanavyoulizana wao: "Umejuaje?" Kuna pia Jumatatu ya pili ya mwezi wa Februari, ambayo ni siku ya kifafa duniani, na hapa Kenya chama cha KAWE kimekuwa kikiwasaidia wenye kifafa tangu mwaka 1982. Hatuna sababu ya kuanza na mikono mitupu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mtoto aliyefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu ya kuanguka anaweza kuwa ni kidonge kimoja kwa siku kinachomtenganisha na darasa. Kama yuko nyumbani kwako, au kwa jirani yako, mzungumzie mwenyekiti wa jumuiya yako wiki hii, kisha siku ya kliniki mwende naye.